Mwanafunzi Aliyeanguka Mtihani kwa Kupenda

Mimi hufundisha watu kuendesha gari hapa Kisumu. Kwa miaka kumi na saba nimekaa kiti cha kushoto, mguu juu ya breki ya pili, ile ambayo mwanafunzi huisahau mpaka siku anapotaka kutuingiza mtaroni. Nimemfundisha mchungaji aliyefumba macho na kuomba kila tulipokaribia mzunguko wa Kondele. Nimemfundisha bibi mmoja wa Kihindi kutoka Milimani aliyekuja kwa siri, akitaka wanawe wamwone tu siku moja akitoka getini ameshika usukani. Alipita mara ya kwanza, na kila Diwali hunitumia boksi la mithai, vile vitamu vya kwao.

Mtu akiogopa, mimi hucheka naye. Ndiyo mbinu yangu. Gari likizima katikati ya barabara na malori ya miwa yanapiga honi nyuma yetu, nikikasirika mwanafunzi atasahau hata klachi iko wapi. Nikicheka, naye hucheka, mabega yanashuka, gari linawaka. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kicheko nacho kina hatari zake.

Huyu ninayetaka kusimulia habari zake alikuja akiwa na miaka arobaini hivi. Alikuwa mwuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi mjini, mtu nadhifu, kalamu mbili mfukoni, viatu vimepigwa rangi. Alieleza kwa upole kwamba mwajiri wake amemwahidi kazi ya kupeleka mizigo akipata leseni. Nilimfundisha wiki mbili. Alishika mambo upesi kuliko mtu yeyote niliyepata kumfundisha. Siku ya tano alirudi kinyumenyume kati ya mapipa mawili pale uwanjani kama mtu anayeirudisha droo kabatini.

Siku ya mtihani akaanguka. Kwetu mtihani huanza kwenye ubao wenye mfano wa mji, barabara na mizunguko imechorwa, na mwanafunzi husukuma kigari cha kuchezea akieleza anakwenda wapi na kwa sheria gani. Yeye alikisukuma chake upande usiofaa wa mzunguko, akaeleza kwa utulivu kabisa, akasimama. Nilimpa pole. Mara ya pili alipita ubao, kisha akazima gari mara tatu barabarani. Mara ya tatu akaangusha mapipa yote mawili. Katikati ya mitihani alikuwa akirudi kwa masomo ya nyongeza, Jumanne na Alhamisi, na kila alipoendesha mimi na yeye tu, gari lilikwenda kama maji.

Mkaguzi wa mtihani, mzee ambaye tumejuana miaka mingi, aliniita kando siku hiyo ya tatu.

"Mwalimu, huyu mtu wako anajua kuendesha," aliniambia. "Yale mapipa ameyalenga."

Tulipokuwa tukirudi mjini nilimwuliza mwenyewe. Hakuona haya. Alibadilisha gia vizuri, akaangalia kioo cha pembeni, akasema, "Nikipita, Mwalimu, nitakuja kwako kwa sababu gani?"

Nikacheka. Niliwasimulia wenzangu ofisini, nao wakacheka, na kwa wiki nzima kila aliyeniona aliniuliza kama mume ameshapita mtihani. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, sina mume, nina binti mmoja aliye chuo kikuu Eldoret. Katika ofisi yetu, mwanamke wa namna hiyo akipata mtu wa kuangusha mapipa kwa ajili yake, ni habari njema. Hata mimi, nikisema ukweli, jioni ile nilijitazama kwenye kioo zaidi ya kawaida.

Kwa mtihani wa nne nilimkabidhi kwa mwalimu mwingine, mwanamume. Akapita bila kosa hata moja. Nikamwambia masomo yamekwisha, nikamtakia heri na kazi yake mpya, tukapeana mkono.

Jumapili iliyofuata nilimwona soko la Kibuye, nilikokuwa nikichagua mapazia ya mitumba. Akaniinulia mkono kwa mbali. Jumapili nyingine alikuwa kanisani kwetu, viti vitatu nyuma yangu, ingawa aliwahi kuniambia kwamba anasali kwingine. Kisha nikaanza kumwona nikiwa kazini na wanafunzi wengine, kwenye kituo cha mafuta Nyamasaria, njia ya Mamboleo, na pale Dunga tunapogeuzia gari, amesimama kama mtu anayengoja boda boda, ila boda boda zote zinampita. Nilimwambia mara mbili aache. Mara ya kwanza nilisema kwa mzaha, maana ndivyo nilivyozoea kusema mambo. Mara ya pili nilisema bila mzaha wowote, naye akainamisha kichwa, akasema, "Sawa, Mwalimu," kama aliyesahau kuwasha indiketa. Wiki iliyofuata alikuwa Dunga tena.

Nilikwenda polisi. Askari wa kaunta aliniuliza kama amenigusa. Nikasema hapana. Amenitukana? Hapana. Amenitisha? Nikafikiri kidogo, nikasema bado. Aliandika mistari miwili katika kitabu cha matukio, akanipa namba, na alipojua kazi yangu akaniuliza kama naweza kumsaidia shemeji yake kupata leseni haraka.

Baada ya hapo mambo yakahamia nyumbani. Ninaishi Migosi, nyumba ya vyumba viwili ndani ya ploti yenye milango sita. Siku moja nilirudi nikakuta vyombo nilivyoviacha kwenye beseni vimeoshwa na kufunikwa kitambaa. Nilidhani binti yangu amekuja bila kuniambia. Nilipompigia simu alikuwa darasani Eldoret, akaninong'oneza kwamba atanipigia baadaye. Wiki nyingine taa ya jikoni, iliyokuwa imeungua mwezi mzima, ikawaka. Halafu bomba la sinki, lililokuwa likidondoka tangu mwaka uliotangulia, likanyamaza. Nilipolitazama vizuri nikaona ni bomba jipya, linang'aa.

Nilimweleza jirani yangu wa mlango wa pili, mama anayekaanga samaki kwenye kibaraza chake na kuwauzia wapita njia. Alinisikiliza huku akigeuza samaki.

"Hilo jini lako likimaliza kwako, ulitume kwangu," akasema. "Paa langu linavuja."

Tukacheka wote wawili. Lakini tangu siku hiyo nikawa sifungi macho kabla ya kusukuma meza mlangoni.

Alhamisi moja mwanafunzi wangu wa saa saba mchana aliniambia hatakuja, nami nikaamua kwenda nyumbani kula, jambo ambalo sikuwa na kawaida ya kulifanya. Mlango ulifunguka kabla sijauzungusha ufunguo. Alikuwa amekaa kwenye kiti changu, miguu ndani ya soksi, viatu vimepangwa vizuri kando ya mlango. Mezani palikuwa na ugali, sukuma wiki na omena, na sahani mbili. Akaangalia saa ya ukutani.

"Leo umewahi," akasema. "Ugali bado una moto."

Mpaka leo watu huniuliza kwa nini sikupiga mayowe. Sijui. Nimekaa miaka mingi kando ya watu wanaoelekea mtaroni, na nadhani mguu wangu umezoea kutangulia akili. Nilirudi nyuma hatua moja, nikavuta mlango, nikasukuma komeo la nje, lile ambalo hulitumia nikisafiri kwenda kwetu Seme. Jirani yangu aliniona uso, akaniletea kufuli lake. Madirisha yangu yana vyuma. Ndani hakukusikika kelele yoyote. Nilisikia kijiko kikigusa sahani, nikajua anaendelea kula.

Nilipiga simu kituoni. Nikaambiwa gari lao limetoka na halijulikani litarudi saa ngapi, labda mimi nina usafiri. Basi nilimwachia jirani ulinzi, naye akavuta kigoda chake akaketi mbele ya mlango wangu na karai la mafuta ya moto miguuni. Nilikwenda kituoni na gari la mafunzo, nikarudi na askari wawili wamekaa nyuma, herufi L juu ya paa. Mmoja wao aliniomba nipunguze mwendo. Pale Kondele watu walisimama kututazama, nadhani walifikiri serikali imeanza kuwafundisha polisi kuendesha.

Mlango ulipofunguliwa alikuwa ameshaosha sahani zote mbili. Akavaa viatu, akafunga kamba taratibu, na alipopita mbele yangu akasema, "Lile bomba usilikaze sana, Mwalimu. Mpira wake ni laini."

Ufunguo wake ulikuwa nakala ya wangu. Mimi nilikuwa nimeuning'iniza ufunguo wa nyumba pamoja na ule wa gari, kwa hiyo kila alipokuja darasani mlango wangu ulikuwa ukimning'inia karibu na goti. Siku moja wakati wa somo nilikwenda kununua mahindi ya kuchoma, nikamwachia gari mbele ya duka lao. Duka lina mashine ya kuchonga funguo. Haikuhitaji zaidi ya hapo.

Polisi walikwenda kupekua chumba chake Nyalenda. Kesho yake wakaniita kituoni nikatambue kitu. Zilikuwa daftari nne za shule, zile zenye jedwali la kuzidisha nyuma. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Jumatatu, saa moja na dakika kumi, ametoka, gauni la bluu. Jumanne, mwanafunzi ni kijana wa koti jeusi, amecheka naye mara tisa. Alhamisi, tumekula pamoja, samaki. Nilirudia mstari huo mara mbili. Alhamisi hiyo mimi nilishinda Ahero. Kumbe kila Alhamisi alikuwa akiandaa sahani mbili, anakula, anaosha, anaondoka.

Nilimrudishia askari daftari, nikatoka nje. Alikuwa amenihesabia vicheko. Kwa majuma kadhaa baada ya hapo sikuweza kucheka na mwanafunzi yeyote, na wote wakaanza kuzima magari.

Mwajiri wake, mzee wa Kisikh mwenye duka, alikuja kwangu mwenyewe, kilemba kimefungwa vizuri, na fundi nyuma yake amebeba kitasa kipya.

"Mama, mashine ni yangu," akasema. "Aibu pia ni yangu."

Alisimama hapo mpaka fundi alipomaliza, akakijaribu kitasa mara tatu, kisha akaniwekea funguo zote mkononi moja moja ili nione kwamba hakuna uliobaki. Alikunywa chai ya jirani yangu na kununua samaki wawili, ingawa nina hakika yeye hali samaki.

Kortini mwanafunzi wangu alikiri makosa mara ya pili alipofikishwa. Kuingia nyumba ya mtu kwa ufunguo wa wizi kulikuwa na kifungu chake. Kule kunifuatafuata ndiko kulikomsumbua mwendesha mashtaka, dada mmoja kijana mwenye mafaili mengi kuliko mikono. Aliniambia alikuwa ametafuta kifungu kinachokaa sawasawa, mwishowe akaliweka jambo hilo chini ya usumbufu na uvunjaji wa amani, na kuambatisha zile daftari nne. Hakimu aliagiza afisa wa probesheni aandike ripoti juu ya maisha na tabia ya mshtakiwa, akaniambia pia kwamba nina haki ya kusema neno kabla ya hukumu. Mshtakiwa akarudishwa rumande.

Afisa huyo alikuwa mzee mpole, faili lake limo ndani ya mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua. Alikaa kwangu karibu saa mbili. Aliuliza nalala vipi, nakula vipi, mlango nafunga mara ngapi. Mwishoni akaniuliza ningependa mtu huyu afanywe nini. Nilifikiri mpaka chai ikapoa. Nikamwambia nataka asijue saa ninayotoka nyumbani. Akaniambia hiyo si adhabu inayojulikana kisheria, ila ataiandika hivyohivyo.

Siku chache kabla ya hukumu mama yake akaja ofisini. Alitoka mbali, ng'ambo ya Awasi, na alikuwa amebeba mfuko wa mchele wa shamba lake. Wenzangu walipojua ni nani, walitoka mmoja mmoja, kila mtu amekumbuka kazi nje. Aliniita nyathina, mwanangu, akashika mikono yangu miwili, akaniomba. Mwanawe ni kifungua mimba. Ndiye aliyewasomesha wadogo zake baada ya baba kufariki. Hajawahi kuiba hata yai. Wazee wa ukoo wako tayari kuja kwetu Seme, wakae na wazee wetu, jambo limalizwe nyumbani kama watu. Mimi nimwambie tu hakimu kwamba nimesamehe.

Nilikuwa karibu kukubali. Alikuwa akikunja leso yake mara nne na kuikunjua, vile mama yangu alivyokuwa akifanya, na mimi ni mtu ambaye hupata shida kumnyima kitu mama mzee. Nilimweleza habari za daftari si kwa kumkatalia, ila aelewe kwa nini mpaka sasa chakula hakinipiti kooni.

Leso ikasimama.

"Ngapi?" akauliza.

"Nne, Mama."

Alitazama picha ya alama za barabarani iliyobandikwa ukutani kwetu. "Yule mwalimu wa shule ya kwetu," akasema mwishowe, "zilikuwa mbili."

Basi akanisimulia. Miaka mingi nyuma, alikuja kijijini kwao mwalimu mmoja msichana, mgeni. Mwanawe alimrekebishia mlango, kisha paa, kisha akawa anakutwa ndani wakati mwenyewe yuko darasani. Watu waliona ni mapenzi ya kijana mwenye haya. Msichana alipolia mbele ya chifu, ukoo ulikwenda kwa wazazi wake na mtamba mmoja wa ng'ombe, wakala pamoja, wakashikana mikono. Mwezi uliofuata mwalimu aliomba uhamisho, na mpaka leo hawajui alikokwenda.

"Tulimaliza nyumbani," alisema. "Kumbe tulikuwa tumefunika sufuria tu, moto uko chini." Akaitia leso kifuani. "Nimekuja kukuomba kitu, nyathina. Sasa sijui nikuombe nini."

Nilimpikia chai. Nilimwuliza kama afisa wa probesheni anazijua habari hizo, akatikisa kichwa. Sikumwambia amweleze. Nilitaka kumwambia, lakini nilimwangalia nikaona kwamba nitakuwa nimemwomba mama amkabidhi mtoto wake kwa mkono wake mwenyewe. Mchele aliuacha. Alisema hajauleta kwa ajili ya kesi.

Siku ya hukumu jirani yangu alifunga biashara yake akaja nami, na binti yangu alisafiri kutoka Eldoret. Yeye ndiye aliyenisaidia kuandika karatasi ya kusoma mbele ya hakimu, kurasa mbili, na akanionya njia nzima nisije nikaleta utani.

Hakimu alikuwa mwanamke mwenye miwani, sauti ndogo. Alimwuliza mshtakiwa kama ana la kusema. Alisimama kizimbani, nadhifu hata kwa nguo za rumande.

"Mheshimiwa, mimi si mwizi," akasema. "Sikuchukua kitu kwa hiyo nyumba. Nilitengeneza bomba, nilibadilisha taa, niliosha vyombo. Na yeye alikuwa anacheka na mimi. Kila siku alikuwa anacheka."

Watu kadhaa waliokuwa wakingoja kesi zao walicheka. Mmoja alisema kwa sauti kwamba hata yeye anamtaka mhalifu wa namna hiyo. Hakimu alinyanyua macho tu, chumba kikatulia. Kisha akaniita mimi.

Nilikuwa na karatasi mkononi, lakini maneno yaliyokuwa humo yalikuwa yamepangwa kwa ajili ya mtu aliyeibiwa, na mimi nilikuwa nimetoka kusikia kwamba sikuibiwa kitu. Nikaikunja.

"Mheshimiwa," nikasema, "ni kweli, nilicheka. Mimi ni mtu wa kucheka. Nacheka na wanafunzi, nacheka na polisi, hata matangani nimewahi kucheka nikatolewa nje. Lakini kucheka kwangu hakukumpa mtu ufunguo. Bomba ni kweli alilitengeneza. Ila sasa nikikuta sahani safi ndani ya nyumba yangu, naangalia kwanza nyuma ya mlango. Na wanafunzi wangu wakinichekesha, najikuta nahesabu."

Sikupanga kulisema hilo la mwisho. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata binti yangu. Nilirudi kwenye benchi, jirani yangu akanishika mkono kwa kiganja kinachonuka samaki, na nikashukuru kwa harufu hiyo.

Hakimu akafungua ripoti ya probesheni. Alisoma polepole, kwa Kiswahili, ili mshtakiwa aelewe. Alisoma habari za kazi yake nzuri, wadogo zake aliowasomesha, sifa alizopewa dukani. Kisha akasoma kwamba mama mzazi wa mshtakiwa, kwa hiari yake, alikwenda ofisi ya afisa siku mbili kabla na kueleza habari za mwanamke mwingine na daftari nyingine mbili.

Mwanafunzi wangu aligeuka. Ndiyo mara pekee niliyomwona akikosa utaratibu, maana aligeuka kwa ghafla mpaka askari akamshika bega. Mama yake alikuwa benchi la nyuma, amekaa wima, anamtazama. Hakuangalia chini. Mimi ndiye niliyeangalia chini.

Hukumu ilikuwa miaka mitatu kwa kuingia nyumbani kwangu na mwaka mmoja kwa kunisumbua, vifungo viende pamoja, na siku za rumande zihesabiwe. Hakimu alisema kwamba mtu anaweza kuingia nyumbani kwa mwenzake bila kubeba chochote na bado akatoka na kitu kisichorudishika. Aliagiza pia apate ushauri nasaha akiwa gerezani, na asinikaribie wala kunitumia salamu kwa njia yoyote. Akamwuliza kama ameelewa.

Alisema ameelewa. Kisha akaomba kama anaweza kurudishiwa daftari zake.

Safari hii hakuna aliyecheka. Hakimu akavua miwani, akamtazama kidogo, akasema muda wa rufaa ukiisha, daftari zitateketezwa.

Nje jua lilikuwa kali. Nilitegemea nitajisikia kama mtu aliyeshinda, lakini nilijisikia njaa tu, njaa ya kweli, ya kwanza kwa majuma mengi. Jirani yangu alikuwa ameona mbali, amebeba samaki ndani ya kikapu, tukaketi chini ya ukuta tukala kwa mikono. Mama wa mshtakiwa alikuwa amesimama peke yake karibu na geti. Binti yangu alinitazama, nikajua anauliza nini, nikamwita yule mama. Alikuja. Alikula kipande kimoja, akiondoa miiba yote kwanza na kuipanga pembeni, kisha akaniomba njia ya kwenda stendi ya magari ya Awasi. Nikampeleka.

Njiani aliuliza mtu hujifunza kuendesha kwa muda gani. Nikamwambia wiki tatu, mtu mgumu, wiki tano. Akafikiri. "Mimi ningekuchukua mwaka," akasema. Nikajikuta nacheka, naye akatabasamu upande mmoja wa mdomo, halafu tabasamu likakatika akageukia dirishani. Stendi nilimshikia kikapu mpaka alipopanda. Sikumwambia asante kwa aliyoyafanya. Sikujua asante ya jambo kama hilo inasemwaje.

Binti yangu alitaka nihame. Tulibishana mwisho mzima wa juma. Nilimwambia Migosi ni kwangu, sinki langu halidondoki, na jirani kama yule sitampata pengine. Alirudi Eldoret amenuna, lakini huniandikia kila asubuhi nimjibu kwamba niko salama. Mwanzoni nilijibu kwa sentensi ndefu. Siku hizi namtumia neno moja.

Siwezi kusema yamekwisha. Wiki ya kwanza baada ya hukumu nilifanya kazi na wanafunzi wanawake peke yao. Ya pili nilimchukua mwanamume mmoja, mwalimu wa hesabu, na somo zima nilikaa na mkono juu ya kitasa cha mlango wa gari. Maskini alidhani anaendesha vibaya sana. Alipopita mtihani mara ya kwanza nilifurahi kuliko yeye.

Majuzi yule afisa wa probesheni alinipigia simu. Bado muda ni mrefu, alisema, lakini kuna fomu ya kujaza kama ningependa kujulishwa mtu wangu atakapokaribia kuachiliwa. Nikamwambia ndiyo, aiandike ndiyo kwa kalamu nzito, na kwamba nitapita kutia sahihi mchana, kwa sababu asubuhi nina mwanafunzi.

Mwanafunzi mwenyewe ni mtawa wa miaka sitini na miwili anayetaka kujiendesha kwenda Kombewa kuwaona wagonjwa. Hataki kuingia gia ya tatu. Anasema ya pili inamtosha na Mungu hana haraka. Siku hiyo tulikwenda mpaka Kombewa na kurudi kwa gia ya pili, foleni ya malori nyuma yetu, na kila lililotupita likipiga honi yeye aliinua mkono na kulibariki.